Waliotuhesabu Kabla Hatujapiga Kura

"Watu wa Msangano hawajitambui." Kaka yangu alilisema hilo huku akitafuna karanga, na hakuona hata kwamba nimeacha kunywa soda yangu.

Tulikuwa ofisini kwake Tunduma, chumba kimoja kinachotazama foleni ya malori, ambako anafanya kazi ya uwakala wa kutoa mizigo forodhani. Mimi nina duka la vitenge mtaa wa pili. Kwa miaka mingi biashara ikipoa mchana nilikuwa naenda kukaa kwake, tunapiga soga, tunacheka madereva wanaogombana. Lakini miezi ile ya kuelekea uchaguzi ofisi yake iligeuka kitu kingine. Chama chake kilimpa kazi ya kuratibu kampeni za mkoa mzima, na ukutani, palipokuwa na kalenda, alibandika ramani ya Songwe aliyoipaka rangi kwa penseli za wanawe. Wanaume walikuja kusimama mbele ya ramani ile mikono nyuma, kama madaktari mbele ya picha ya mbavu za mtu.

Kaka aliwaelekeza kwa kalamu. Tunduma, alisema, ni yetu, kwa sababu ni mji wa watu wa biashara na mtu wa biashara hakosi la kulalamikia. Mbozi ya kando ya barabara kuu iko katikati, vijana wanavuta huku, wazee wanavuta kule. Mbozi ya ndani kwenye mashamba ya kahawa inapiga kura kama ilivyopiga mara ya mwisho, na mara ya mwisho ilipiga kama ilivyopiga mara ya kwanza. Alipofika Momba, kule bondeni kwenye mpunga na ufuta, iliko Msangano, hakusumbuka hata kugusa ramani.

"Huku tusipoteze mafuta ya gari," alisema. "Ukiwapa fulana na sukari umemaliza kazi. Hawajitambui."

"Mama yetu alizaliwa huko," nikasema.

Wanaume wakanigeukia. Kaka akacheka. "Ndiyo maana najua ninachosema, dada."

Wale wanaume nao wakacheka. Nilichukua mkoba wangu nikatoka.

Ni lazima nieleze kwa nini neno lile lilinichoma namna ile. Mama yetu alikuwa Mnamwanga wa Msangano, akaolewa juu, Nanyala, na baba yetu, Mnyiha, mkulima wa kahawa. Alifariki sisi tukiwa wadogo. Mimi nilibaki na bibi mzaa baba. Kaka, aliyekuwa mtundu na mgonjwamgonjwa, alichukuliwa na mama mdogo, mdogo wake mama, mjane aliyeishi ng'ambo ya mto kule Msangano. Huko ndiko alikokulia mpaka akamaliza shule ya msingi. Mama mdogo aliuza mbuzi ili avae sare. Alimbeba mgongoni kwenda zahanati alipokamatwa na malaria, mtoto mkubwa kabisa, miguu inaburuta chini. Huyo ndiye mtu wa Msangano ninayemjua. Na huyo ndiye aliyeambiwa hajitambui.

Jumapili iliyofuata nilipanda kwenda Nanyala kumsalimia baba, nikidhani nitapata wa kunisikiliza. Baba ni mtu wa chama kile kingine, tangu ujana wake, na kwa muda mrefu amekuwa kiongozi wa shina pale kijijini. Nilimkuta kwenye vichanja anageuza kahawa baada ya ibada, bado amevaa shati la kanisani. Nilimsimulia alichosema kaka. Akatikisa kichwa kwa masikitiko.

"Mwanangu yule siasa zimemharibu," alisema. "Watu wa bondeni ni watu waaminifu. Hawatuangushi. Tatizo letu ni huko kwenu Tunduma."

"Tunduma kuna nini?"

"Ah, Tunduma si ya kuhesabia. Watu wa kuja wale. Leo yuko hapa, kesho yuko ng'ambo ya mpaka, Nakonde, mfukoni ana kwacha, moyoni hana kwao. Mtu wa hivyo unampelekea maendeleo ya nini?"

"Baba, mimi nakaa Tunduma."

"Wewe ni wa hapa."

"Nimeolewa kule. Watoto wangu wote nimewazalia kule."

"Nasema wale wengine," akasema, akaendelea kugeuza kahawa.

Wale wengine. Njia nzima ya kurudi, ndani ya gari, nilikuwa nalitafuna neno hilo. Baba na mwanawe hawakuwa wamekaa meza moja kwa amani tangu kampeni zianze, kila mmoja akimwona mwenzake amepotea, kumbe walikuwa wanasema jambo moja. Kila mmoja alishaamua watu fulani ni wa nani, na akishaamua hana tena sababu ya kuwauliza wanataka nini.

Mvua zilipokolea, mto wa kule kwa mama mdogo ulichukua daraja. Nasema daraja kwa kuwa ndivyo tulivyoliita. Yalikuwa magogo yaliyolazwa na wanakijiji wenyewe, na kila baada ya misimu kadhaa yalikwenda na maji, wakalaza mengine. Walikuwa wameomba daraja la kweli tangu mama yangu angali msichana. Mara hii yalibaki magogo mawili tu, yanateleza kama sabuni. Mama mdogo alivuka juu yake na kiroba cha mchele kichwani kwenda mnadani, akaanguka. Hakuangukia majini. Aliangukia ukingoni, juu ya mawe, akavunjika nyonga.

Walimbeba juu ya kitanda cha kamba. Kwa kuwa magogo yale hayakuweza kubeba watu wanne na kitanda, walizunguka mpaka penye kina kifupi na kumvusha maji yakiwafika kifuani. Alipofikishwa hospitali huku mjini alikuwa amepoteza sauti kwa kulia, na mama mdogo si mtu wa kulia. Msibani kwa mama yangu yeye ndiye aliyewanyamazisha wengine.

Nilikuwa nafunga duka mapema kumpelekea uji. Baba alishuka kutoka Nanyala na mfuko wa maparachichi, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akamtazama shemeji yake. Halafu akainuka.

"Nitakwenda kumwona mkubwa wetu wa chama," alisema. "Suala la daraja hili nalimaliza mimi."

Alisema kwa uhakika kabisa. Alivaa koti lake jeusi akaenda. Mimi nilimsubiri nyumbani kwangu, nikampikia. Aliporudi hakugusa chakula. Alivua koti, akalikunja vizuri, akaliweka magotini.

"Amekataa?" nikauliza.

"Hajakataa. Amenipokea vizuri, chai nimekunywa." Akalisawazisha koti. "Amesema kule kwa shemeji ni salama."

"Salama kivipi na mtu amevunjika nyonga?"

"Kura. Kura za kule ni salama, amesema. Kilichopo kwa sasa kinakwenda sehemu zinazoyumba. Mitaa ya huku Tunduma. Kule watatupigia tu, amesema, wao ni ndugu zetu."

Sijui kama nimewahi kumwona baba yangu na aibu kabla ya siku ile. Maisha yake yote alikuwa akiwaambia watu kwamba uaminifu unaonekana, na sasa ameambiwa usoni kwamba ndio huohuo unaomnyima shemeji yake mahali pa kuvukia.

"Na wewe ukamjibu nini?"

"Nilimwambia asante kwa chai."

Nilitaka kumfokea. Badala yake nikaenda uani kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi.

Kaka alifika hospitali siku mbili tatu baadaye, katikati ya mchana, saa ya kuona wagonjwa. Nilikuwa namlisha mama mdogo. Alikuja na kijana wa kupiga picha na kamera yake, na yeye mwenyewe akashika simu. Alimwamkia mama mdogo kwa heshima, akauliza maumivu yakoje, na kabla hajamaliza kujibiwa akavuta kiti.

"Mama mdogo, nataka useme maneno machache tu. Sema jina la kijiji, sema umeomba daraja miaka mingapi, halafu sema ni nani amekutupa."

Mama mdogo alimtazama. "Umekuja kuniona au umekuja kunipiga picha?"

"Vyote, mama. Hii itasaidia kijiji chote."

"Mkishinda mtaleta daraja?"

Kaka yangu ana mabaya yake lakini kudanganya hajui vizuri. Akakwepesha macho. "Tukishinda mkoa mzima, taratibu tutafika kila mahali."

"Mmeshakuja kufanya mkutano kule?" nikauliza mimi.

"Bado."

"Mmepanga kuja?"

"Dada, tuna magari machache. Unapeleka nguvu panapokupa kura. Kule hatuwezi kushinda, kila mtu anajua."

"Kwa hiyo hamuendi kule. Ila nyonga yake mnaitaka, mkaioneshe Tunduma."

"Usilifanye jambo kuwa baya."

Nilimpokonya simu. Sikuipanga, mkono ulikwenda wenyewe, uji ukamwagika juu ya shuka. Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika yote hapa. Nilimkumbusha mgongo uliombeba kwenda zahanati. Nilimwambia kama anataka picha ya mtu anayetupa wengine akajipige yeye mwenyewe, aone mtu aliyemtupa mama yake. Wagonjwa wodi nzima waligeuka kututazama. Muuguzi alikuja, akatuambia kwa upole kwamba mmoja wetu atoke. Kijana wa kamera alikuwa ameshatoka zamani.

Kaka alipoondoka, mama mdogo aliniomba nimbadilishie shuka. Baadaye, sauti yake ikiwa chini, akasema, "Usimtukane sana. Wote wawili, yeye na baba yenu, wanadhani wananijua."

Alikataa kubaki kwangu baada ya kuruhusiwa. Alitaka kupiga kura, na alikuwa ameandikishwa kule kwao. Nilimwambia kura moja haitabadili kitu. Alinitazama mpaka nikaona haya. Basi nikamchukua. Tulikwenda kwa gari la kukodi mpaka njia ilipokomea, kisha kwa pikipiki iliyotembezwa taratibu, mimi nyuma yake nimemshika kiunoni, yeye anauma kitambaa kila tukipita shimo. Kipindi hicho mvua zilikuwa zimepungua na maji yalivukika.

Siku ya kupiga kura nilikuwa naye. Hiyo ina maana kwamba mimi mwenyewe sikupiga, kwa kuwa kituo changu kilikuwa Tunduma. Watu walipanga foleni shuleni, wanawake wengi, khanga zimefungwa vizuri kama za kwenda kanisani. Hapakuwa na kelele. Katika kampeni yote hapakuwa na gari lolote la chama chochote lililofika ng'ambo ile ya mto. Hata fulana hazikuja. Niliwasikia wanawake wakilizungumza hilo kwa Kinamwanga, bila hasira, kama mtu anavyosema mwaka huu mvua ilichelewa. Mama mdogo alipofika, foleni ilifunguka, akapitishwa mbele na fimbo yake. Alikaa ndani muda mrefu. Alipotoka hakuniambia amempigia nani, nami sikumuuliza.

Matokeo yalibandikwa ukutani. Chama cha kaka kilikuwa kimeshinda pale, mahali ambapo hakijawahi kupata hata mtu wa kukisimamia. Na mtaani kwangu Tunduma, mtaa ambao kaka alikuwa ameupaka rangi yake kwa kukandamiza penseli, kilishinda chama cha baba.

Nilidhani hilo lingewanyamazisha. Jumapili tulikutana Nanyala, baba alikuwa ametuita wote tule pamoja yaishe. Hatujamaliza hata kunawa mikono, kaka alianza.

"Mimi niliona mapema," alisema. "Momba inageuka. Ukitazama vizuri, ndio mwelekeo wa bonde lote. Ila Tunduma, wahamiaji wapya wameingia wengi, wametuvuruga hesabu. Na kuna watu wetu hawakupiga kura." Akanitazama. "Wengine wa humu humu ndani."

"Tunduma wameanza kuelewa," baba alisema. "Ila bondeni wamenunuliwa. Haiwezekani. Watu wale nawajua."

"Nani amewanunua, baba?" nikasema. "Kwa gari gani? Limepita wapi?"

"Mwanangu, siasa wewe huzijui."

Hapo ndipo nilipopandwa na hasira. Nilisimama. Katika nyumba ya baba yangu sijawahi kusimama wakati wa chakula nikapaza sauti, mimi mtu mzima mwenye watoto wangu.

"Hamzijui nyinyi," nilisema. "Wewe baba uliambiwa kura za shemeji yako ni salama, ukanywa chai ukarudi. Wewe kaka ulisema hazipatikani, ukalinda mafuta ya gari lako. Mmoja kamwacha kwa sababu ni wake, mwingine kamwacha kwa sababu si wake. Alilala kwenye mawe pale mtoni kwa hesabu zenu nyinyi wawili! Leo amepiga kura kama mtu mwenye akili, mnasema kanunuliwa, mnasema mwelekeo. Mwelekeo wa nini? Nyonga imevunjika! Kwa nini hakuna hata mmoja wenu anayepiga simu kumuuliza?"

Baba aliinamisha uso kwenye sahani. Kaka akasema polepole, "Ungepiga kura yako, mtaa ule tusingeupoteza kwa aibu ile." Baada ya yote hayo, hilo ndilo alilokuwa nalo la kusema.

Niliondoka bila kula. Mimi na kaka tulikaa muda mrefu bila kusemeshana. Nilikuwa nikimwona mtaani nageuza njia, na wateja wangu walianza kuniuliza kama kuna msiba.

Na sasa linakuja jambo linaloniudhi kuliko yote, kwa sababu ni jema. Daraja lilijengwa. Haikupita mwaka. Kitongoji kile kilipokuwa cha kutabirika hakikuwa na mtu wa kukisikiliza. Kilipogeuka tu, magari yakajua njia. Watu wa chama cha baba walikuja kuuliza wamekosea wapi. Watu wa chama cha kaka walikuja kushukuru, wakiwa na nyuso za watu wasiojua wanashukuru kwa lipi. Wapimaji wakaja na vigingi vyao, kisha saruji, kisha nondo. Maombi yaleyale yaliyotolewa mama yangu akiwa msichana, maneno yaleyale, yalisikika ghafla. Majirani walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Mimi nilikuwa nasimama pale nikitazama mafundi wanachanganya zege na kujiuliza, kwa hiyo ilibidi tuwatishe? Mtu ili ajengewe mahali pa kukanyaga, lazima kwanza awe hajulikani ataegemea wapi?

Siku ya kulifungua, mgeni rasmi alitaka mama mdogo awe wa kwanza kuvuka, na fimbo yake, mbele ya kamera. Aliyetumwa kumwomba alikuwa kaka. Alikuja mpaka barazani akachuchumaa mbele yake, kama alivyokuwa akichuchumaa utotoni akitaka ruhusa ya kwenda kuogelea. Nilijiandaa kwa ugomvi.

"Waambie nguvu sina," mama mdogo alimwambia.

"Mama, ni hatua chache tu. Nitakushika."

"Nitavuka nikiwa na shida ng'ambo. Leo sina shida ng'ambo."

Kaka alibaki amechuchumaa. Halafu, sijui ni nini kilimwingia, akamshika miguu akalia. Hakusema samahani na mimi sikumlazimisha. Mama mdogo alimwekea mkono kichwani, akamwambia kuna ugali jikoni, na yeye akaingia akala, huku ng'ambo spika zinamwita kwa jina la cheo chake. Hakwenda.

Tunasemeshana sasa, mimi na yeye. Si kama zamani. Ofisini kwake naingia, soda nakunywa, na akianza kunieleza wilaya gani itaelekea wapi uchaguzi ujao namwambia abadilishe mazungumzo au niondoke, naye hubadilisha. Baba hupiga simu Msangano kila Jumapili baada ya ibada. Kazi ya shina amewaachia wengine, anasema kwa sababu ya umri.

Mama mdogo alivuka daraja lile mvua zilipoanza tena. Jirani wa ng'ambo alikuwa amefiwa, nami nilikuwa nimekwenda kumtembelea mama mdogo, tukaenda pamoja. Maji yalikuwa mengi, ya rangi ya udongo, yanapita chini yetu kwa kishindo. Nilipofika katikati nilisimama, nikaanza tena kusema, kwamba hii saruji ingewekwa mwaka mmoja tu mapema, na kwamba wale watu hawakustahili hata kupigiwa makofi. Alinisikiliza kidogo, ameegemea fimbo.

"Shika kikapu hiki," akasema. "Wanazika kabla ya mvua."

Nikashika kikapu, tukaendelea kutembea.